Udongo wa Juu ya Kichuguu

Karatasi ya Delphine ilikuwa ukurasa mmoja tu, lakini ilimwondoa Nasoro kwenye kiti chake, na siku mbili nzima hakukalia kitu kwa raha.

Nasoro ni fundi wa batri. Anafanyia kazi ndani ya parking moja kubwa ya mtaa wa Kampemba, huko Katanga, mahali wanapouzia magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo, yakashushwa Durban au Dar es Salaam, yakavuka mpaka wa Kasumbalesa na vumbi la nchi tatu juu ya vioo. Gari likifika na batri iliyokufa, na mengi hufika hivyo, linasukumwa mpaka nyuma kabisa, kwenye banda lake la mabati. Anaipasua ile batri, anamwaga maji yake makali, anatoa mabamba ya plomb, ile risasi laini na nzito, anayayeyusha ndani ya sufuria ya chuma na kuyamimina upya. Miaka ishirini na miwili sasa. Vidole vyake vimebabuka, suruali zake zote zina matundu kama chekecheke, na pale parking husemwa kwamba batri ikikataa kwa Nasoro, basi izikwe.

Delphine naye alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, binti wa Kikasai, mwenye miwani na adabu, na asiyeogopa matope. Wiki tano kabla ya siku ile alikuja na koleo dogo na mifuko ya plastiki, akaomba kuchota udongo. Zéphirin, muuza magari ambaye ulimi wake haulali, alimwuliza kama kule chuoni udongo umekwisha. Delphine akacheka, akachota. Akachota langoni, akachota pale wanapomwaga oili chafu, akachota mbele ya banda la Nasoro. Halafu akasema anatafuta udongo mmoja safi, wa kulinganisha na ule mwingine.

Nasoro ndiye aliyemwonyesha. Nyuma ya banda lake kulikuwa na kichuguu, kirefu kama watu wawili waliobebana mabegani. Nchi ile imejaa vichuguu vya namna hiyo. Watu huvikata wakafyatua matofali, na wanawake wenye mimba hutafuna udongo wake. Akamwambia apande juu kabisa. Safi ya parking hii, alisema, iko pale.

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Kwamba chini ya kichuguu kuna uchafu alijua, kwa sababu uchafu ulikuwa wake. Mchwa walikuwa wamekula nguzo za banda mara mbili, na tangu hapo maji yote ya batri na oili nyeusi aliyamwaga kwenye miguu ya kichuguu ili wahame. Mchwa hawakuhama. Lakini maji hushuka, hayapandi. Kule juu kulikuwa mbali na kila takataka, na mvua ikinyesha tu, kesho yake unakuta mchwa wamejenga pale udongo mpya, mwekundu, mbichi, wenye harufu inayomtoa mate hata mwanamume.

Sasa, Alhamisi asubuhi, Delphine alikuwa amerudi na karatasi. Akawasomea. Langoni kuna plomb. Pa oili kuna plomb zaidi, na zinki, na shaba. Zéphirin akamkatiza: shaba si habari, Katanga yote ni shaba, mababu walizaliwa juu yake wakafa juu yake. Delphine akakubali, lakini akasema plomb si shaba, plomb hii haikuwekwa na Mungu, imeletwa na batri na magari. Akashusha kidole mpaka mstari wa mwisho. Pale palikuwa na hesabu iliyozidi ya langoni mara tisa. Nasoro akauliza hiyo ni ya wapi.

"Ya juu ya kichuguu, papa."

"Pale juu? Maji haipandake, mama."

"Maji haipandake, lakini mchwa banapandaka. Banachukua udongo kule chini yote, banaipandisha kidogo kidogo. Njo vile banajengaka. Na moshi ya sufuria yako inaanguka palepale."

Zéphirin alicheka, akasema basi mchwa wale wamekuwa wafanyakazi wa Nasoro na hawajalipwa. Nasoro hakucheka. Aliweka chini koleo lake la kushikia sufuria, akaliokota, akaliweka tena. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia kitu cha jirani, inakuwaje mtu akila udongo ule.

Delphine alimtazama vizuri. Akasema anafahamu mambo hayo, mama yake mwenyewe kule Mwene-Ditu alikula udongo kwa mimba zote. Lakini wa hapa ni hatari. Plomb inatoka kwa mama inaingia kwa mtoto tumboni. Haileti homa, haina kelele. Mtoto anazaliwa na vidole vyote na macho yote, watu wanashangilia, halafu miaka inapita na kichwa kinabaki nyuma: anachelewa kusema, anafundishwa leo na kesho hakumbuki. Na kilichoharibika hakirudi.

"Kama kuko mama anakulaka, aache leo," alisema. "Haina kesho. Ni nani, papa?"

"Hakuna muntu," alisema Nasoro.

Alikuwako. Alikuwa Rachida, mtoto wake wa pekee, mimba ya miezi saba, ya kwanza.

Mume wa Rachida, Moustapha, anafanya kazi Kolwezi, na binti alirudi kwa wazazi kuzalia nyumbani, kama ilivyo desturi. Katika ukoo wa Nasoro, ambao mababu walitoka Kasongo huko Maniema, kuna desturi nyingine juu ya hiyo: udongo wa mimba ya kwanza huletwa na baba wa binti. Ndiyo zawadi yake. Lakini huletwa bila neno. Baba na binti hawazungumzi habari ya mimba hata nusu ya sentensi. Tumbo likianza kuonekana, baba huangalia ukuta na binti huvuta kitenge. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya swala Nasoro alipita nyuma ya nyumba na kifurushi cha gazeti, akakiweka kwenye dirisha la jiko, akakohoa mara moja, akaenda zake. Ijumaa iliyofuata dirisha lilikuwa tupu. Hakuna aliyetoa, hakuna aliyepokea. Ijumaa tisa zilipita hivyo, na kila moja alipanda kichuguu mwenyewe kwa ngazi, na miaka yake sitini na sita, akachagua ule wa juu kabisa.

Neno lolote la kumfikia Rachida hupita kwa mama yake, Amida. Na Amida alikuwa Kasenga, kwenye matanga ya kaka yake. Nasoro alimpigia simu mara kumi na nne. Kasenga hakukuwa na umeme tangu Jumatatu, simu yake ilikuwa imekufa. Ni jambo la ajabu, fundi wa batri kushindwa na batri moja ndogo iliyo mbali.

Saa sita akaacha kazi, akaenda nyumbani kwa miguu, haraka, kama mtu aliyesikia moshi. Njiani alipanga maneno. Atasema: daktari fulani amesema. Hapana, atasema: nimesikia redioni. Alipoingia uani, Rachida alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akichagua mchele. Alimwona, akavuta kitenge, akataka kuinuka amwamkie, Nasoro akamwashiria abaki. Binti aliamkia akiwa amekaa. Shavu lake moja lilikuwa limejaa, na alipojibu, Nasoro alisikia kile kitu kikikwaruza menoni, kwa sauti ndogo kama mtu anayekanyaga changarawe.

Aliangalia ukuta. Aliuliza kama kuna maji ya kunywa. Rachida akasema yapo. Akanywa, akashukuru, akatoka.

Nje alisimama kidogo, halafu akasimamisha moto, pikipiki ya kwanza iliyopita, akamwambia dereva ampeleke Annexe, pembezoni mwa mji. Kule anakaa dada yake mkubwa, Mariam, mjane, mwenye shamba la mihogo na ulimi wa kisu. Shangazi anaweza kusema na binti. Shangazi ndiye aliyeumbwa kwa kazi hiyo.

Nasoro alimkuta Mariam katikati ya matuta, jembe mkononi. Hakuacha kulima. Nasoro alieleza yote: karatasi, mchwa, plomb, Ijumaa tisa. Alieleza akitembea, tuta moja kwenda, tuta moja kurudi, mpaka Mariam akamwambia asimkanyagie mihogo. Kisha akasema yeye alikula udongo mimba saba, na watoto saba wako, wengine wamesoma mpaka wakamsahau. Nasoro akasema udongo wake haukuwa wa parking. Mariam akalima kidogo.

"Kuambia mama wa mimba mambo mubaya ni kuita mubaya," alisema. "Kinywa yangu haitaita."

"Yaya, dada yangu, nakuomba. Miye siwezi. Ni binti yangu."

"Udongo ulileta weye. Asidi ulimwanga weye. Sasa maneno njo unataka ilete mwingine?"

Akageuka kwenye tuta lake. Alimpa mihogo mitatu ya kupeleka nyumbani, kwa sababu ndugu ni ndugu, na Nasoro alirudi mjini na mihogo kwapani na neno lake lilelile kifuani.

Usiku huo hakulala, na habari za mtu asiyelala hazina faida kuzisimulia. Alfajiri alikuwa ameshapata ujanja. Hatasema kitu. Atatoa tu. Hataleta udongo mwingine, na ule uliobaki ataupoteza. Amida akirudi atamalizia na maneno. Akajiona ana akili.

Ijumaa baada ya swala hakupitia parking. Alikuja moja kwa moja, akangoja nyuma ya nyumba mpaka Rachida alipotoka na nguo za kuanika, ndipo yeye akaingia jikoni. Mwanamume wa umri wake haingii jikoni kwa watu, hata kwake. Alitafuta juu, akatafuta chini. Chini ya meza akakuta beseni ya bati imefunikwa kitambaa. Akafunua.

Alitegemea kukuta mabaki. Beseni ilikuwa imejaa zaidi ya nusu. Udongo ulikuwa umekatwa vipande vizuri, umekaangwa na kupangwa, kama mtu anayepanga biskuti za sikukuu. Binti hakuwa anakula tu; alikuwa anautunza. Kila Ijumaa ya baba yake ilikuwa mle ndani. Nasoro aliuinua ule uzito, akatoka nao mlango wa nyuma kuelekea shimo la takataka.

"Baba. Ile beseni ni yangu."

Rachida alikuwa amesimama kwenye kamba ya nguo, shuka moja begani. Hakuvuta kitenge. Alikuwa amesahau, au alikuwa amekasirika.

Nasoro angeweza kusema chochote. Kwamba mchwa wameingia, kwamba panya wamekojoa. Uongo ulimjia mdomoni tayari umevaa viatu. Lakini beseni ilikuwa imeinama upande, kipande kimoja kikadondoka, na alimwona binti yake akikiangalia kile kipande kwa hamu. Hapo akainua macho. Hakuangalia ukuta. Alimwangalia usoni, kisha, Mungu amsamehe, akaangalia tumbo.

"Usikule tena, Rachida. Iko na plomb. Ya batri. Miye njo nilimwangaka kule chini, mchwa banapandisha juu. Nilikuwa sijuwe. Inaenda kwa mutoto, inaharibu kichwa yake."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitaja neno hilo, mtoto, mbele yake.

Rachida alitafuta kitu cha kukalia, akakuta kinu, akakaa juu yake. Nasoro alingoja aulize plomb ni kitu gani, au kichwa kinaharibika vipi. Hayo alikuwa ameyapangia majibu. Binti akauliza kitu kingine.

"Ulijuwa tangu lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Asubui."

Rachida akahesabu kwa vidole, polepole, bila kumwangalia.

"Nilikula jana midi, saa sita. Nikakula mangaribi. Na leo kisha swala ya asubui nikakula. Na jana ulipita hapa, baba. Uliomba maji."

"Nilisikia haya."

"Haya ya nani?"

Nasoro aliweka beseni chini. Alitaka kumwambia kwamba jana nzima hakutulia, kwamba alienda mpaka Annexe. Akaona kwamba hiyo ingekuwa kumwomba binti amwonee huruma. Rachida alilia kidogo, akajifuta kwa pembe ya shuka mbichi. Kisha akasema jambo ambalo Nasoro hakulitegemea: kwamba hakula peke yake. Mbuyi, jirani wa upande wa pili wa ukuta, ana mimba ya miezi mitano, na tangu mwezi uliopita walikuwa wakigawana. Ndiyo sababu alikuwa akiutunza na kuukaanga. Mbuyi aliusifu, alisema udongo wa Papa Nasoro hauna mfano Kampemba yote.

Nasoro akasema basi Rachida amwite, wazungumze wanawake kwa wanawake.

"Hapana, baba. Utaenda weye. Sasa hivi. Miye nitakuwa nyuma yako."

Akaenda. Mtu mzima, kanzu ya Ijumaa, akabisha hodi kwa mke wa mtu kwenda kuzungumzia mimba yake. Mbuyi alitoka na mwiko mkononi, akamsikiliza maneno matatu ya kwanza, akaanza kucheka, akamwuliza kama siku hizi Papa Nasoro amekuwa mkunga. Aliona uso wa Rachida nyuma yake. Mwiko ukashuka. Nasoro alirudia kuanzia mwanzo, na safari hii maneno yalitoka yenyewe, hata ya asidi, hata ya "mimi ndiye." Mbuyi hakumtukana. Aliingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililokuwa na vipande vyake, akaliweka miguuni pa mzee kama mtu anayerudisha sahani, akafunga mlango. Nasoro angependelea matusi.

Jioni hiyohiyo alimpigia Delphine, akamwambia kwamba aliposema hakuna mtu, alidanganya. Delphine hakumkaripia. Jumamosi aliwapeleka wote wawili hospitali, Rachida na Mbuyi, Nasoro akifuatana nao, damu ikatolewa, na wakaambiwa mashine ya kupimia iko ng'ambo. Majibu ni wiki sita, labda nane. Wakaambiwa pia wanywe maziwa, wale mboga za majani, vidonge vya kuongeza damu wasikose. Muuguzi akamwuliza Nasoro naye kama hataki kupimwa, maana ndiye anayeshika plomb kila siku. Akasema yeye amekwisha, wamwache. Rachida akamvuta mkono wa kanzu, akaukunja mwenyewe mpaka juu ya kiwiko, akamkabidhi muuguzi.

Wiki hizo zilikuwa ndefu. Nasoro alizima sufuria yake. Akabaki kuuza na kufunga batri mpya, kazi isiyo na heshima kwa fundi. Wafyatua matofali walikuja na mapanga na mkokoteni kutaka kichuguu, kwa sababu udongo wake unashikana vizuri. Alisimama mbele yao mikono imepanuliwa, akaeleza habari ya mchwa. Walimwona mzee aliyechanganyikiwa. Zéphirin, yeye aliyecheka siku ile, ndiye aliyekuja kusimama upande wake na kuwaambia waondoke. Amida alirudi kutoka Kasenga, akasikia yote kutoka kwa binti, na kwa siku nne alimpakulia mume wake chakula bila kusema karibu.

Rachida alijifungua Jumapili, kabla majibu hayajafika. Msichana. Alilia vizuri, alinyonya vizuri, ana vidole vyote na macho yote. Waliposema hivyo mbele ya Nasoro, wakishangilia, alitoka nje akazunguka nyumba mara mbili.

Majibu yalifika mtoto akiwa na siku kumi na tatu. Ya Mbuyi yalikuwa madogo. Alikuwa amekula kidogo, na mwezi mmoja tu. Ya Nasoro yalikuwa makubwa hivi kwamba daktari aliyasoma mara mbili. Ya Rachida yalikuwa katikati. Daktari, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliwaambia hawezi kuapa kitu. Si yale mabaya kabisa, na si ya kupuuza. Mtoto afuatiliwe. Nasoro akauliza afuatiliwe mpaka lini.

"Mpaka ajue kusoma," alisema daktari. "Pale ndiyo tutajua vizuri."

Nasoro akahesabu. Yeye mwenyewe atakuwa na miaka sabini na tatu. Akauliza kama kuna dawa katikati. Daktari akasema dawa ya kunywa hakuna, lakini kichwa cha mtoto kinakua kwa kulishwa: maziwa ya mama, na usingizi, na maneno. Msemesheni, alisema. Msimnyamazie. Mtoto anayesemeshwa sana, hata kama kuna kitu kimepungua, anapata njia nyingine ya kupita.

Siku hizi Nasoro akitoka parking hapiti sebuleni. Anavua nguo za kazi nyuma ya nyumba, anaoga, anasugua kucha kwa brashi, Amida anazikagua, ndipo Rachida anamkabidhi mtoto, mkono kwa mkono, mbele ya watu. Mzee anaanza kutembea naye uani na kusema. Hana hadithi nyingi, shule yake iliishia darasa la nne, basi anamwambia anachojua, habari za gari: hii ya mbele inaitwa radiateur, inapoza moto, nyuma yake kuko moteur, iko na pistoni ine, kabla ya kuwasha, unatazama oili. Anamwambia majina ya vijiji kutoka Kasongo mpaka hapa. Anamwambia alivyomwaga ile asidi, na kwa sababu gani. Mtoto anamkodolea macho. Amida hulalamika kutoka jikoni kwamba hata redio hupumzika, na Rachida humjibu mama yake amwache baba, aendelee.